Niels Finsen, munganga mgonjwa aliyeponyesha nyuso kwa mwanga

Leo katika hospitali nyingi, mtoto mchanga mwenye macho ya manjano analazwa chini ya taa ya buluu, na mgonjwa wa ngozi anaweza kuandikiwa vipindi vya mwanga kama vile wengine wanavyoandikiwa vidonge. Watu wanaona ni jambo la kawaida. Lakini ilimchukua mtu mmoja miaka zaidi ya kumi, mwili wake ukiwa unazidi kudhoofika, ili waganga wakubali kwamba mwanga ni dawa. Mtu huyo anaitwa Niels Ryberg Finsen. Alifariki mjini Copenhagen, nchini Denmark, tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Mtoto wa visiwa visivyo na jua

Finsen alizaliwa tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1860 huko Tórshavn, mji mkuu wa Visiwa vya Faroe. Visiwa hivyo viko katika bahari ya kaskazini ya Ulaya, chini ya mamlaka ya Denmark. Huko mvua na mawingu ni vya kila siku, na wakati wa baridi jua linaonekana kwa saa chache tu. Baba yake, wa jamaa ya Iceland, alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali. Mama yake alifariki wakati Niels alikuwa mtoto wa miaka minne.

Shuleni hakung'aa. Alipelekwa kusoma Denmark katika shule ya bweni ya Herlufsholm, na mkuu wa shule akaandika kwamba ni kijana mwenye moyo mzuri lakini akili yake ni ndogo na nguvu zake ni kidogo. Familia ikamtoa pale na kumpeleka Reykjavik, Iceland, shule ambayo baba yake alisomea. Alimaliza mwaka 1882, akiwa na miaka 21, nafasi ya 11 kati ya wanafunzi 15. Mwaka huo huo akaenda Copenhagen kusomea uganga.

Akiwa bado mwanafunzi, ugonjwa ulimshika. Ini, moyo na wengu vilianza kufunikwa na kukazwa na nyama ngumu, na maji yakawa yanajaa tumboni. Kwa wakati ule hakukuwa na dawa ya kumponyesha. Hata hivyo alimaliza masomo mwaka 1890, akapata kazi chuo kikuu ya kutayarisha miili kwa masomo ya anatomia.

Nyumba aliyokaa Copenhagen ilitazama kaskazini, jua halikuingia. Alikuwa na upungufu wa damu na kila mara alijisikia amechoka. Aliona kwamba akikaa juani anapata nguvu kidogo. Inasimuliwa pia kwamba siku moja alitazama paka aliyekuwa amelala kwenye paa, na kila kivuli kilipomfikia, paka alisogea tena mahali penye jua. Finsen akajiuliza: mwili unapata nini katika mwanga?

Wino kwenye mkono

Hakutaka kubahatisha. Alipaka wino mweusi sehemu moja ya mkono wake, kisha akauweka juani kwa muda wa saa kadhaa. Alipofuta wino, ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe kama kawaida, na ile iliyobaki wazi ilikuwa imewaka na kuwa nyekundu. Siku zilizofuata sehemu hiyo nyekundu ikageuka rangi ya kahawia. Akauweka mkono juani tena, safari hii bila wino. Sehemu iliyolindwa mwanzo ndiyo iliyoungua, na ile yenye rangi ya kahawia haikupata neno. Hapo akaelewa kwamba rangi ya ngozi ni ngao, na kwamba kinachounguza si joto la jua peke yake, bali mionzi fulani ndani ya mwanga, ile ya upande wa buluu, ya zambarau na ile isiyoonekana kwa macho.

Mwaka 1893 aliandika kuhusu mwanga na ngozi, akashauri wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia mekundu, ili mionzi ile mikali isiwafikie na makovu yapungue. Wazo hilo halikudumu. Lakini liliwafanya waganga wa Ulaya wajue jina lake. Mwaka huo huo akaacha kazi ya chuo kikuu ili ajitoe kabisa kwa uchunguzi wa mwanga.

Ugonjwa uliokula nyuso

Adui aliyemchagua alikuwa kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa ambao waganga waliuita lupus vulgaris. Neno lupus kwa Kilatini maana yake ni mbwa mwitu, kwa sababu ulikula pua, midomo na mashavu kama mnyama anayetafuna. Haufanani na ugonjwa mwingine unaoitwa lupus leo, ambao mwili unajishambulia wenyewe. Huu ulitokana na mikrobe ile ile ya kifua kikuu cha mapafu.

Mara nyingi haukuua haraka. Uliharibu sura polepole, kwa miaka, na wengi walioupata walikuwa vijana. Mgonjwa alikosa kazi, alikosa mchumba, akajificha nyumbani au akafunika uso akitoka nje. Waganga walikata, walikwangua, walichoma kwa moto na kwa dawa kali. Ugonjwa ulirudi, na makovu yakaongezeka.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1895 Finsen alimpokea injinia mmoja ambaye tiba nyingine zote zilikuwa zimemshinda. Kwa kuwa jua la Copenhagen halitegemewi, alimtibu ndani ya kampuni ya umeme ya mji, kwa taa kali sana ya makaa ya umeme. Kila siku mgonjwa alikaa mbele ya mwanga ule kwa muda wa saa mbili. Baada ya siku chache kidonda kilianza kubadilika, na baada ya miezi kadhaa uso ulikuwa unaelekea kupona.

Vipi mwanga unapita kwenye nyama?

Kulikuwa na shida mbili. Ya kwanza ni joto: taa ile ingeweza kumchoma mgonjwa. Finsen alipitisha mwanga kwenye lenzi na kwenye maji ya baridi, joto likabaki humo na mionzi aliyoitaka ikaendelea. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu ya mionzi hiyo, kwa hiyo alitumia lenzi zilizotengenezwa kwa jiwe angavu liitwalo kwatsi.

Shida ya pili ni damu. Aliweka karatasi ya kupigia picha nyuma ya sikio la mtu na kuelekeza mwanga mbele ya sikio. Dakika tano zilipita, karatasi haikubadilika. Kisha akalibana sikio kati ya vioo viwili mpaka damu ikatoka mahali pale. Kwa sekunde 20 karatasi ikawa nyeusi. Damu ndiyo iliyokuwa inakunywa mionzi kabla haijafika ndani. Kuanzia hapo, kila mgonjwa aliwekewa juu ya kidonda kifaa kidogo cha kwatsi chenye maji yanayopita ndani, na muuguzi akakikandamiza kwa mkono muda wote wa tiba, ili kusukuma damu na kupoza ngozi.

Kazi ilikuwa ya uvumilivu. Kila kipindi kilichukua saa moja au zaidi, kwa sehemu ndogo kama sarafu. Kesho yake wakahamia sehemu ya jirani. Uso mzima uliweza kuchukua miezi mingi. Wauguzi, wengi wao wanawake, walikaa karibu na watu ambao wengine waliogopa hata kuwatazama.

Mwaka 1896 ilifunguliwa Taasisi ya Mwanga ya Finsen mjini Copenhagen, kwa michango ya watu wenye uwezo na baadaye kwa msaada wa serikali na wa mji. Kufikia mwaka 1901 ilikuwa imetibu wagonjwa wa lupus zaidi ya 800, na kwa hesabu ya taasisi yenyewe, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walipona. Alexandra, binti wa mfalme wa Denmark aliyekuwa ameolewa Uingereza, alisaidia taa hiyo ifike katika London Hospital mwaka 1900. Nchi nyingine zikafuata.

Tuzo kwa mtu wa kiti cha magurudumu

Mwaka 1903 Finsen alipewa Tuzo ya Nobel ya uganga. Ni familia ile ile ya tuzo ambayo mwaka 2018, upande wa amani, ilimfikia munganga Denis Mukwege wa Bukavu. Finsen hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea. Alikuwa anatembezwa kwa kiti cha magurudumu, tumbo likitolewa maji mara kwa mara. Sehemu kubwa ya fedha za tuzo aliitoa kwa taasisi yake na kwa nyumba ya kutunzia wagonjwa wa moyo na ini.

Hata mwili wake mwenyewe aliufanya shamba la uchunguzi. Alipima alichokula na alichokunywa, akaona kwamba chumvi inafanya maji yajae mwilini, akapunguza chumvi na kuandika matokeo hayo katika mwaka wake wa mwisho. Mwanga haukumponyesha yeye. Alijua hivyo, na aliendelea kufanya kazi mpaka karibu na kifo.

Kilichobaki

Finsen aliamini kwamba mionzi isiyoonekana ndiyo iliyoua mikrobe. Miaka 100 hivi baadaye, watafiti wa Denmark walipima vifaa vyake vya zamani na kukuta kwamba sehemu kubwa ya mionzi hiyo haikuwa inapita. Inaelekea mwanga wa buluu na wa zambarau uliamsha kemikali zilizomo ndani ya mikrobe yenyewe, nazo zikaiua. Alikosea kuhusu sababu, lakini wagonjwa walipona kweli.

Taa zake zilizimwa pole pole baada ya dawa za kifua kikuu kupatikana, kuanzia miaka ya 1940. Wazo lake halikuzimika. Leo kuna mwanga wa kutibu ugonjwa wa magamba ya ngozi na mabaka meupe, kuna leza, na kuna dawa zinazopakwa kisha kuamshwa kwa taa. Mashine za mawimbi ya redio, zinazopasha joto nyama chini ya ngozi, zilitoka njia nyingine, ya Mfaransa Arsène d'Arsonval, aliyechunguza umeme wa kasi katika mwili miaka ile ile ya 1890. Zote zinafuata sheria moja ambayo Finsen aliithibitisha: mionzi ina kipimo kama dawa, ikipungua haitibu, ikizidi inaunguza. Ndiyo maana mashine hizi si za kuchezea katika saluni ya urembo.

Kwa sisi wa mashariki mwa Congo, ambako kifua kikuu bado kipo, kuna jambo moja zaidi. Ugonjwa ule wa ngozi leo unapona kwa vidonge vile vile vya kifua kikuu, vinavyotolewa bure katika vituo vya afya. Kidonda cha usoni au shingoni kinachokaa miezi bila kupona kisifichwe kwa kitambaa wala kuachwa juani: kipelekwe kwa munganga akichunguze mapema, kabla hakijala uso.