Walt Kelly, mchoraji aliyemfunika seneta kichwa

Mchoro wa gazeti hauishi sana. Asubuhi watu wanaucheka, saa sita wanapeana mkono kwa mkono, na kesho yake karatasi ile ile inafunga karanga sokoni. Mtu tunayemweleza leo, Walt Kelly wa Marekani, alichora bede katika magazeti karibu miaka 25. Amekufa tangu zaidi ya miaka 50, lakini kazi yake ingali inasomwa, sababu ilikusanywa katika vitabu. Ndani ya vitabu vile kuna maseneta, mawaziri na wakubwa wa polisi, wote wamegeuzwa wanyama wa porini. Tena kuna habari moja inayotugusa sisi watu wa magazeti: namna magazeti yenyewe yalivyoanza kuogopa bede yake, na namna yeye alivyowajibu.

Walter Crawford Kelly alizaliwa tarehe 25 ya mwezi wa nane 1913 katika mji wa Philadelphia. Alikuwa na miaka 2 tu wazazi wake walipohamia Bridgeport, mji wa viwanda katika jimbo la Connecticut. Alimaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1930, wakati ule shida kubwa ya uchumi ilikuwa inaua kazi kila mahali. Alikamata kazi aliyoipata: kufagia vipande vya vitambaa katika kiwanda cha nguo za ndani za wanawake. Halafu akaingia katika gazeti la mji, Bridgeport Post, akawa anaandika na kuchora. Pale alichora maisha ya P.T. Barnum, mwenye sarakasi mashuhuri wa Bridgeport, mtu aliyejua kuwauzia watu maajabu ya uongo na bado wakamshukuru. Barnum yule hakumtoka tena kichwani. Tutamkuta mbele.

Mwaka wa 1936 Kelly alikwenda California kufanya kazi kwa Walt Disney. Mkono wake uko ndani ya sinema za Pinocchio, Fantasia na Dumbo. Lakini mwaka wa 1941 wafanyakazi wa Disney waligoma. Kelly alikuwa na marafiki upande wa wagomaji, na marafiki upande wa wasiogoma. Akaondoka, na hakurudi.

Mwishoni mwa 1942 alianza kuchora katika gazeti la watoto lililoitwa Animal Comics. Ndipo walipotokea Albert, mamba mnene mwenye sigara mdomoni, na Pogo, mnyama mdogo wa Amerika aina ya wale wanaobeba watoto katika mfuko wa tumbo. Mwanzoni aliyesimama katikati ya hadithi alikuwa mtoto mweusi, jina lake Bumbazine, aliyeishi na wanyama hao. Polepole Kelly akamwondoa, wanyama wakabaki peke yao. Wazee wetu waliotuhadithia habari za Kabundi na Kabuluku wangeelewa mara moja faida ya jambo hilo. Ukitaka kumsema mkubwa, mpe mkia. Atakayekasirika, yeye mwenyewe ndiye atakuwa amesema kwamba ule mkia ni wake.

Wakati wa vita Kelly alitumika kama raia katika kazi za jeshi: alichora picha za vitabu vya kufundishia askari lugha za kigeni. Masikio yake yalikuwa makali, na lugha ikawa nusu ya kuchekesha kwake. Wanyama wake wanaishi katika kinamasi cha Okefenokee, kati ya Georgia na Florida, na wanasema Kiingereza cha Kusini kilichovunjwa na kuungwa upya, kila neno likimgonga mwenzake. Kobe wake anaitwa Churchy LaFemme. Msomaji wa Kifaransa akisema jina hilo kwa sauti atacheka bila kuelezwa. Hata herufi zilikuwa na kazi. Mchungaji wa kinamasi, mtu wa mahubiri na hila, maneno yake yameandikwa kwa herufi za vitabu vya kanisa vya zamani. Na dubu mwenye kutengeneza kampeni za kura, maneno yake yote ni kama matangazo ya sarakasi. Dubu huyo anaitwa P.T. Bridgeport. Barnum amerudi, safari hii yuko katika siasa.

Baada ya vita Kelly aliingia katika gazeti la New York Star. Alichora picha za siasa wakati wa kampeni ya 1948, na Thomas Dewey, aliyegombea uraisi kwa chama cha Republican, alimchora kama mashini inayotembea. Mwezi wa kumi mwaka ule ule akamwingiza Pogo katika gazeti, kila siku mstari mmoja wa picha. Gazeti lile lilikufa mwezi wa kwanza 1949. Pogo hakufa nalo. Mwezi wa tano akaanza kutoka tena kupitia kampani moja iliyouzia magazeti ya inchi nzima bede moja kwa siku moja. Hapo ndipo nguvu ilipotoka: picha ile ile inasomwa asubuhi ile ile, New York, na Kusini, na kwenye vijiji vya mbali. Hapo pia ndipo hatari ilipo. Kila gazeti lina mkubwa wake, na kila mkubwa ana woga wake.

Mwaka wa 1951 nyumba ya vitabu ya Simon & Schuster ilitoa mkusanyo wa kwanza wa Pogo, na wenzake wachoraji wakamhesabu Kelly kuwa mchoraji wa mwaka. Tangu pale vitabu vilifuatana, karibu kila mwaka. Kelly hakutupa tu michoro ya gazeti kati ya majalada mawili. Alikata, alipanga upya, aliongeza, mpaka hadithi ikasimama yenyewe. Mwaka wa 1952 Wamarekani walipokuwa wanachagua raisi, wanyama wa kinamasi nao walimsukuma Pogo agombee, ingawa mwenyewe hataki kabisa, anataka kulala na kuvua samaki. Wanafunzi wa vyuo vikuu walivaa vibeji vya Pogo. Katika chuo cha Harvard walijaa barabarani kumngojea Kelly, mpaka polisi wakaingia na kufunga baadhi yao. Ilikuwa mchezo, lakini kulikuwa na kitu ndani yake: vijana wanampigia kelele mgombea pekee asiyeomba kitu.

Sasa tufike kwa seneta. Tangu mwezi wa pili 1950, Joseph McCarthy, seneta wa Wisconsin, alikuwa anatangaza eti ana orodha ya wakomunisti waliojificha ndani ya serkali. Hakuleta ushahidi wa kutosha, lakini haikuwa lazima. Kutajwa tu kulitosha. Watu walipoteza kazi, marafiki waliachana, na wenye vyeo walijifunza kunyamaza. Magazeti mengi yalipiga chapa kila alichosema, sababu seneta akisema, ni habari.

Mwaka wa 1953 aliingia katika kinamasi paka-mwitu mmoja jina lake Simple J. Malarkey. Nyusi nzito, ndevu zinazochomoza hata akinyoa, macho ya pembeni. Hakuna aliyeuliza ni nani. Paka yule alialikwa katika chama cha kuchunguza ndege, chama cha mchungaji tuliyemtaja na fuko mmoja asiyeona mbali, mwenye kunusa uchafu na wageni kila mahali. Wale wawili walifikiri watamtumia. Kumbe yeye alifika na bunduki, akakamata chama chote, na wenyeji wakaanza kutetemeka mbele ya mgeni wao. Kwetu sisi hilo ndilo shauri kubwa la hadithi ile. Kelly hakumcheka McCarthy peke yake; aliwacheka wale waliomfungulia mlango kwa faida yao.

Wala hakuwasahau wakomunisti. Aliwachora kama ndege wawili wa aina ile inayotaga mayai katika viota vya wengine, kazi yao kula vya watu na kuhubiri. Wakubwa wa kila upande walipata fungu lao.

Mwaka wa 1954 gazeti moja la Providence, mji mkubwa wa jimbo la Rhode Island, lilimjulisha kwamba uso wa Malarkey ukionekana tena, bede itaondolewa. Tufikirie kidogo hali yake. Gazeti likiondoka, makuta yanaondoka, na magazeti mengine yanaweza kufuata. Angeweza kumtoa paka. Angeweza kupiga kelele. Hakufanya moja wala lingine. Katika kinamasi kulikuja kuku jike, mwekundu, wa aina ile inayoitwa kuku wa Rhode Island, na ikasemekana anatoka Providence. Basi, Malarkey akakamata mfuko akajifunika kichwa, eti mtu wa Providence asimwone uso. Agizo limefuatwa: uso hauonekani tena. Lakini sasa seneta anatembea kichwa kikiwa ndani ya mfuko, na Mmarekani yeyote aliyeona picha ile alikumbuka wale wa Ku Klux Klan, wanaojificha vivyo hivyo wakienda kutesa watu weusi. Kumficha kulimfunua zaidi.

Mwaka ule ule Kelly alitoa kitabu kingine, The Pogo Stepmother Goose, chenye mambo yasiyopita katika gazeti. Humo Malarkey alirudi, katika hadithi ya hukumu ambamo haki imepinduliwa kichwa chini. Kitabu hakina mkubwa wa gazeti wa kukizuia asubuhi. Anayetaka ananunua, anayechukia anaacha. Na tarehe 2 ya mwezi wa kumi na mbili 1954, Seneti yenyewe ilimlaumu McCarthy kwa kura 67 kwa 22. Hatusemi kwamba paka-mwitu ndiye aliyemwangusha. Walimwangusha watu wengi, na yeye mwenyewe alisaidia. Lakini Kelly alimcheka mbele ya watu wakati wengi walikuwa bado wanapima upepo.

Woga wa magazeti haukwisha pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kelly alimchora Khrushchev kama nguruwe na Castro kama mbuzi. Alicheka pia wale wa John Birch Society, waliomwona mkomunisti chini ya kila kitanda, na mwaka wa 1962 akawatolea kitabu kizima. Mwaka wa 1966 katika kitabu kingine aligusa Klan wazi wazi. Kila mara kulikuwa na gazeti linaloomba lisamehewe. Ndipo alipoanza kuchora picha mbili kwa siku moja: ile ya kweli, na nyingine ya sungura wadogo wenye manyoya laini, wakifanya mzaha usiomkera mtu. Mwenye woga achapishe sungura. Lakini Kelly aliwajulisha wasomaji siri hiyo: ukiona sungura katika gazeti lako, ujue mkubwa wa gazeti ameamua kwamba wewe huwezi kufikiri peke yako. Sisi tunaopanga kurasa kila siku, neno lile bado linatuchoma. Gazeti likiondoa mchoro, kwa kawaida linasema linamlinda msomaji. Kelly alionyesha kwamba linamdharau.

Miaka ya mwisho alimchora makamu wa raisi Spiro Agnew kama fisi, na J. Edgar Hoover, mkubwa wa FBI, kama mbwa mnene. Lakini picha yake iliyosafiri mbali kuliko zote haina mkubwa yeyote. Mwaka wa 1970 Wamarekani walifanya kwa mara ya kwanza Siku ya Dunia, tarehe 22 ya mwezi wa ine, na Kelly alichora bango lake: Pogo anaokota takataka. Mwaka uliofuata alimchora tena pamoja na rafiki yake nungunungu, msitu wao umejaa mikebe, magurudumu na vyombo vibovu. Pale alipindua ripoti ya kamanda mmoja wa zamani aliyejivunia kuwakuta maadui na kuwashinda; kwa Kelly, adui aliyekutwa ni sisi wenyewe. Tangu siku za McCarthy wazo hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika utangulizi wa kitabu chake kimoja. Ndiyo maana alikuwa na haki ya kucheka wakubwa: hakuwatoa wadogo katika hesabu. Mfuko wa takataka hautupwi na waziri peke yake.

Wakati ule alikuwa mgonjwa. Sukari ilimkula mwili, akakatwa mguu, na mkono ulichelewa kazi. Alikufa California tarehe 18 ya mwezi wa kumi 1973, akiwa na miaka 60. Mke wake Selby aliendelea na bede pamoja na wasaidizi mpaka 1975, halafu kinamasi kikanyamaza.

McCarthy hakungoja hata hivyo. Alikufa mwaka wa 1957, na leo kijana wa Marekani anamkuta katika kitabu cha historia, ukurasa mmoja au miwili. Lakini akifungua mkusanyo wa Pogo wa miaka ile, atakuta kitu ambacho kitabu cha historia hakikuweza kumpa: mtu mwenye nguvu za kutisha inchi nzima, amesimama katikati ya majani ya kinamasi, mfuko kichwani, juu ya kumkimbia kuku.