MAISHA YA PHILIP BLAIBERG, MUTU ALIYETAZAMA MOYO WAKE NDANI YA CHUPA



Mwezi uliopita, kisha somo la biolojia juu ya moyo na mishipa ya damu, mabishano yalizuka katika nyumba ya kulala. Wamoja walisema mutu akiwekewa roho ya mwenzake atapokea na tabia zake. Wengine walicheka mpaka sisi wasimamizi tukapashwa kuzima taa. Kwa kweli shida inatoka katika kusema kwetu: huku kwetu roho ni ile inayorudi kwa Mungu, na roho ni vilevile ile nyama inayopiga ndani ya kifua. Basi katika ukurasa huu tutaandika moyo kwa ile nyama, ili tusichanganye mambo.

Philip Blaiberg alizaliwa tarehe 24 Mei 1909 huko Uniondale, muji mudogo wa Afrika ya Kusini, katika jamaa ya Wayahudi. Alisoma London, akarudi kuwa munganga wa meno katika muji wa Cape Town, akaoa, akapata binti. Mpaka hapo ni maisha kama ya watu wengi, na hakuna gazeti lingemtafuta.

Kisha moyo wake ukaharibika. Mishipa inayolisha moyo wenyewe iliziba, na nyama yake ikafa kidogo kidogo. Mwaka 1967 alikuwa ameacha kazi, pumzi inamupungukia, na wanganga hawakuwa tena na dawa ya kumupa.

Mwaka ule ule, tarehe 3 Desemba, katika hospitali ya Groote Schuur palepale Cape Town, munganga Christiaan Barnard alikuwa wa kwanza duniani kutoa moyo wa mutu na kuuweka ndani ya mutu mwingine. Mgonjwa aliitwa Louis Washkansky, na moyo ulitoka kwa Denise Darvall, binti wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Moyo ulipiga vizuri. Lakini mwili wa kila mutu uko na askari zake, nao hawabaguli kati ya mikrobi na moyo wa mgeni: vyote ni adui. Ili kuwatuliza hawa askari, Washkansky alipewa dawa kali. Askari walitulia, mlango ukabaki wazi, ugonjwa wa mapafu ukaingia. Alikufa tarehe 21 Desemba, kisha siku 18 tu.

Blaiberg alikuwa amekwisha kuchaguliwa kuwa wa pili. Barnard alimuendea baada ya kifo kile, na Blaiberg akasema anataka kuendelea mbele. Mwenzetu mmoja alisema huo si ushujaa, sababu mutu anayezama hashindwi kushika ukuti. Labda. Lakini yeye alisoma uganga, na alijua vizuri mwenzake amekufa namna gani. Sisi tunaona kwamba kukubali ukiwa unajua ni kitu kingine kabisa na kukubali bila kujua.

Siku ya kwanza ya Januari 1968, kijana wa miaka 24, jina lake Clive Haupt, mufanyakazi wa kiwanda cha nguo, alianguka kwenye pwani karibu na Cape Town. Damu ilikuwa imepasuka ndani ya ubongo. Hakuamka tena. Alikuwa ameoa miezi michache tu iliyopita. Mama yake alikubali moyo wake utolewe, na kesho yake, tarehe 2 Januari, ukawekwa ndani ya kifua cha Blaiberg.

Hapa ni lazima tusimame kidogo. Haupt alikuwa wa wale ambao sheria za wakati ule ziliwaita machotara, Blaiberg alihesabiwa muzungu. Kwa sheria hizo hawangeweza kukaa mtaa mmoja, ao kulala chumba kimoja cha hospitali. Lakini moyo wa mumoja ulipiga ndani ya mwingine bila kuomba ruhusa kwa serikali. Dunia nzima iliona, na wengi walisema. Tunafikiri yule mama mwenye huzuni alitoa kuliko wote, na jina lake magazeti hayakulishika sana.

Blaiberg alifungiwa katika chumba kilichosafishwa sana, wanganga wanaingia wamefunika midomo. Siku moja Barnard alimuletea chupa yenye moyo wake wa zamani. Fikirini, mutu amekaa, anapumua, na anatazama moyo wake mwenyewe uliokufa! Alikaa hospitali siku 74, akatoka kwa miguu yake tarehe 16 Machi 1968. Aliendesha gari, aliandika kitabu juu ya maisha yake, alipigwa picha akioga ndani ya bahari. Na wale wa mabishano wajue: alibaki Philip Blaiberg yule yule. Ukumbusho na tabia viko ndani ya ubongo. Moyo ni pompa.

Picha ile ya bahari ilitia watu tumaini, lakini ilidanganya vilevile. Mwaka 1968 wanganga wa inchi nyingi walikimbilia kazi hiyo, wakafanya operesheni zaidi ya 100, na wagonjwa wengi walikufa kabla mwaka haujapita. Walijua kushona moyo. Kuwatuliza askari wa mwili bila kuua mwenye mwili hawakujua bado. Wengi wakaacha. Blaiberg mwenyewe katikati ya mwaka ule alikaribia kufa, akapona.

Alikufa tarehe 17 Agosti 1969, miaka 60, kisha kuishi miezi 19 na nusu na moyo wa Haupt. Wakati ule hakuna aliyekuwa ameishi zaidi namna hiyo. Wanganga walipoupasua moyo ule waliona ajabu: mishipa yake ilikuwa imeziba kama ya muzee, na ulikuwa moyo wa kijana. Kumbe mwili hauukatai moyo wa mgeni katika majuma ya kwanza tu. Unaendelea polepole, bila maumivu, kwa miezi na miaka.

Wachache hawakuacha: Barnard mwenyewe, na Norman Shumway huko Stanford, Marekani. Katika miaka ya 1970, Stanford walianza kupitisha uzi mwembamba ndani ya mushipa wa shingo, kutwaa kipande kidogo cha nyama ya moyo na kuangalia kama askari wamekwisha kuingia. Katika miaka ya 1980 ikaja dawa mpya, siklosporini, na operesheni zikarudi kwa wingi. Leo zaidi ya nusu ya wanaowekewa moyo wanaishi kupita miaka 10. Ule ugonjwa wa polepole uliomuua Blaiberg, wanganga wanapigana nao hata sasa.