George Albert Boulenger na nyoka wa ziwa letu

Katika mawe ya pwani ya Tanganyika anaishi swila wa majini, nyoka mrefu wa rangi ya kahawia mwenye pete nyeusi shingoni, anayezamia samaki. Mwaka 1886 mtaalamu wa Brussels, Louis Dollo, alimwita Boulengerina stormsi. Storms ni yule mwanajeshi Mbelgiji aliyeanzisha kituo cha Mpala, kusini mwa Kalemie, mwaka 1883. Watu wake walimuua chifu Lusinga mwezi wa Desemba 1884, na fuvu la chifu likapelekwa Ubelgiji. Boulenger, mwenye nusu ya kwanza ya jina, hakuja hapa kukamata hata chura mmoja.

Alizaliwa Brussels tarehe 19 Oktoba 1858, mtoto wa notari. Alimaliza chuo kikuu mwaka 1876, akafanya kazi kidogo katika makumbusho ya mji wake, kisha mwaka 1880 Albert Günther akamwita London kupanga vyura wa Makumbusho ya Uingereza. Ili apate kazi ya kudumu ilimbidi achukue uraia wa Uingereza. Alibaki pale mpaka 1920.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mezani. Wanyama walifika katika chupa za alkoholi kutoka kila bara. Boulenger alipima kichwa, akahesabu safu za magamba, akatazama meno na mifupa ya kifua, kisha akaandika. Vyura alivimaliza kwa katalogi ya mwaka 1882, mijusi kati ya 1885 na 1887, nyoka kati ya 1893 na 1896. Spishi mpya alizozieleza ni zaidi ya 500 za amfibia, zaidi ya 800 za reptilia na zaidi ya 1,000 za samaki. Hata mikebuka tunayokula hapa Kalemie, jina lake la kisayansi alilitoa yeye mwaka 1914.

Sisi wa kitivo cha lugha tungezitambua katalogi hizo upesi: ni kamusi. Kila ingizo ni fupi, maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, ili mtu wa nchi nyingine aliyeshika mjusi wake mkononi ajue kama ndiye. Boulenger alisifiwa kwa kumbukumbu yake, na alisoma lugha nyingi za Ulaya. Nadhani hilo lilimsaidia kuliko darubini.

Lakini chupa inaficha mengi. Rangi ya chura hufifia ndani ya alkoholi, na sauti yake, ambayo jike humtambulia dume wa aina yake, haipo kabisa. Miili inayofanana nayo hudanganya. Kinyonga kibete wa misitu ya mashariki ya Kongo alipewa jina la boulengeri mwaka 1911. Uchunguzi wa jeni uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba jina hilo moja lilikuwa limefunika spishi kadhaa.

Kuna na jambo lingine. Mwishoni mwa ingizo huorodheshwa vielelezo, mahali vilipotoka na bwana aliyevileta. Mvuvi aliyemtoa nyoka majini haandikwi. Kosa hilo si la Boulenger peke yake, ila kalamu ilikuwa yake.

Alipostaafu alirudi Brussels, akawaacha wanyama na kusoma mawaridi katika bustani ya mimea, akaandika vitabu juu yake pia. Alifariki Saint-Malo, Ufaransa, tarehe 23 Novemba 1937.

Mwaka 2009 wataalamu walimhamisha swila wetu katika jenasi Naja, pamoja na swila wengine wa Afrika. Boulengerina imebaki kuwa jenasi ndogo tu. Neno stormsi bado lipo.