Hiram Percy Maxim, mtu aliyepunguza mlio wa bunduki

Stanley alipopita Kongo mwaka wa 1887 akielekea kumwokoa Emin Pasha, alibeba bunduki mpya ya rashasha, kazi ya Hiram Stevens Maxim. Mlio wa silaha zake mwenyewe ulimwachia Maxim uziwi. Mtoto wake, Hiram Percy, ndiye aliyekuja kutafuta njia ya kuupunguza.

Percy alizaliwa Brooklyn, Marekani, tarehe 2 Septemba 1869. Alisomea ufundi MIT, akatengeneza magari, na mwaka wa 1909 akapata hati ya uvumbuzi wa kizuia sauti: silinda inayofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Gesi ya baruti inazunguka ndani yake na kutoka polepole, ngurumo inapungua.

Shida ilikuwa kuifunga. Silinda ilizungushwa na kukazwa kwenye mtutu uliochongwa mistari kama ya skrubu, na tundu lake lilipaswa kunyooka sawasawa na njia ya risasi. Ikilegea au kupinda kidogo tu, risasi ingegonga vyuma vya ndani. Tena unene wake ulimziba mlengaji. Katika muundo wa 1910 tundu halikuwekwa katikati bali juu kidogo, silinda ikashuka chini ya mstari wa kulenga. Jambo dogo, lakini la fundi kweli.

Hakuishia kwenye bunduki. Mwaka wa 1914 alishiriki kuanzisha ARRL, chama cha wapenzi wa redio Marekani, na kampuni yake ikageukia kunyamazisha injini. Mwaka wa 1934 serikali ya Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa kizuia sauti cha bunduki, pesa nyingi sana wakati ule. Percy alifariki Colorado tarehe 17 Februari 1936.