Daktari Trowell na Kipimo cha Haki

Mkazi wa Kamukuywa aendapo Kitale au Bungoma kupimwa lehemu, yaani kolesteroli, hurejea na karatasi yenye tarakimu. Tarakimu hiyo ikiwa na kosa, mgonjwa ataachwa bila tiba, au mzima atanyweshwa dawa asizozihitaji. Kwa hiyo yafaa wanafunzi wetu wayajue maisha ya Daktari Hugh Trowell.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akatibu Mulago na kufundisha madaktari wa Makerere. Kulikuwa na watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, na baadhi ya madaktari walidhani ni minyoo au kaswende. Trowell hakuridhika na dhana. Alichunguza na kuandika, na mwaka 1954, pamoja na wenzake Davies na Dean, akatoa kitabu kuhusu kwashiakoo.

Wakati huo iliaminika kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo haumpati Mwafrika. Mwaka 1956, Trowell na mwenzake Singh walichapisha habari za Mwafrika aliyeupata. Baadaye watafiti wa Makerere waliwapima Wasamburu, wafugaji wanywao maziwa kwa wingi, wakakuta lehemu yao i chini. Matokeo kama hayo, yaendayo kinyume cha matarajio, yana thamani ikiwa tu kipimo ni cha kuaminika.

Na kipimo huharibika upesi. Mkono ukifungwa kwa muda mrefu kabla ya kutolewa damu, au mtu akipimwa amesimama badala ya kuketi, lehemu huonekana kubwa kuliko ilivyo. Mashine isipojaribiwa kila siku kwa sampuli ambayo kiwango chake kinajulikana, hudanganya bila kujulikana. Tena maabara moja huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita: 5 ya kwanza ni takriban 193 ya pili. Asomaye tarakimu bila kipimo chake hajasoma kitu.

Trowell alirudi kwao, akawa kasisi, na pamoja na Daktari Burkitt akaendelea kuandika juu ya chakula na maradhi hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1989.

Walimu, tuwafundishe vijana kuuliza tarakimu imepatikanaje kabla ya kuikubali. Miongoni mwao wamo watakaoketi maabara kesho, na uhai wa jirani zetu utakuwa mikononi mwao.