Robert Koch, Mchunguzi wa Bakteria

Mwanafunzi, bila shaka umekwisha kusikia wazee wakisema kuwa kitunguu saumu ni dawa ya tumbo. Wengine hutafuna karafuu. Je, tutajuaje kama mimea hiyo ina nguvu juu ya bakteria waletao maradhi? Njia ya kulijibu swali hilo tuliachiwa na daktari Mjerumani aliyeitwa Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843, katika mji wa Clausthal, nchini Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Baadaye akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya chumba nyumbani kwake, akaweka hadubini, akaanza kuchunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe. Mwaka 1876 alionyesha kuwa kimeta huletwa na bakteria wa aina moja tu.

Hata hivyo, palikuwa na tatizo. Bakteria wa aina mbalimbali huishi pamoja, kama mbegu zilizochanganyika katika kapu moja. Koch aliona kuwa kipande cha kiazi kilichochemshwa kikiachwa wazi huota madoa madogo ya rangi mbalimbali, na kila doa ni kundi la bakteria wa aina moja. Baadaye Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi katika maabara ya Koch mjini Berlin, alishauri watumie agari. Agari hutokana na mwani, naye aliitumia jikoni kugandishia vyakula. Haiyeyuki katika joto wanalolipenda bakteria. Tangu hapo bakteria wakaweza kuoteshwa kama miche kitaluni.

Mwaka 1882 Koch alitangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch alikwenda huko, kisha akafika Calcutta, nchini India. Mwaka 1884 alitangaza kuwa kipindupindu huletwa na bakteria aliyepinda kama alama ya mkato, ambaye hukaa katika utumbo wa mgonjwa na huenezwa kwa maji machafu.

Si kila kazi yake ilifanikiwa. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, lakini haikuwaponya wagonjwa, na baadhi yao walifariki. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 na 1907 alitibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, nchini Uganda. Dawa aliyoitumia iliondoa vimelea katika damu kwa muda, lakini iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Koch alifariki tarehe 27 Mei, 1910.

Leo wataalamu hutandaza bakteria juu ya agari katika kisahani, kisha huweka tone la maji ya kitunguu saumu kilichopondwa. Kesho yake bakteria huwa wameenea kisahani chote, lakini mahali penye tone huonekana duara tupu. Hapo bakteria wameshindwa kuota. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, kitu kilichotambuliwa mwaka 1944, ambacho huzuia bakteria wengi, wakiwamo baadhi ya wale waletao kuhara. Mafuta ya karafuu pia huzuia bakteria.

Lakini kumbuka yaliyotokea Sese. Kisahani si tumbo la mtu. Ndani ya tumbo dawa huchanganyika na chakula na majimaji, na kipimo kiuacho bakteria huweza kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo, mtu akiharisha sana usitegemee kitunguu saumu. Anyweshwe maji yenye dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati, na apelekwe huko upesi, kwani kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Zaidi ya yote, kunywa maji yaliyochemshwa, na unawe mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Kwa nini agari ilifaa kuoteshea bakteria?
2. Bakteria wa kipindupindu huenezwa kwa njia gani?
3. Duara tupu juu ya agari hutuonyesha nini?
4. Eleza kwa nini dawa iuayo bakteria katika kisahani huenda isimponye mgonjwa.