William Schreiner, Waziri Mkuu wa Cape

Jina la Schreiner limejulikana mbali kwa sababu ya Olive, yule bibi aliyeandika vitabu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za ndugu yake mdogo, William Philip, ambaye wasomao mambo ya Afrika ya Kusini humpita upesi kama waziri aliyeshindwa. Naam, alishindwa, tena mara nyingi. Lakini yafaa tutazame alishindwa katika shauri gani.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1857 katika kituo cha misioni cha Wittebergen. Baba yake, Gottlob, alikuwa Mjerumani wa Württemberg aliyefundishwa umisionari huko Basel. Mama yake, Rebecca, alikuwa Mwingereza. Nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Baba alifanya biashara kinyume cha amri ya misioni, akaondolewa kazini. Lakini William alikuwa hodari wa masomo. Alisoma Cape Town, kisha Cambridge, na mwaka 1882 akawa wakili. Akamwoa Frances Reitz, ambaye kaka yake baadaye alikuwa Rais wa jamhuri ya Makaburu ya Orange.

Mwaka 1893 Cecil Rhodes, Waziri Mkuu wa Cape, alimfanya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Schreiner alimwamini kabisa. Hata mwisho wa Desemba 1895 Jameson, rafiki wa Rhodes, akaingia Transvaal na watu wenye silaha ili kuipindua serikali ya Rais Kruger, na ikadhihirika ya kuwa Rhodes alilijua shauri lile tangu mwanzo. Schreiner alihuzunika sana. Akaachana na Rhodes, na kwa msaada wa chama cha Makaburu wa Cape akawa Waziri Mkuu mwezi Oktoba 1898.

Ulikuwa wakati mbaya wa kutawala. Gavana Milner na Kruger walikuwa wakivutana, naye Schreiner akajitahidi kuwapatanisha, asifaulu. Vita vilipoanza tarehe 11 Oktoba 1899, nyumba yake mwenyewe ilikuwa imegawanyika: shemeji yake Reitz alikuwa Katibu wa Serikali ya Transvaal, Olive aliwatetea Makaburu, na mama yao mzee alikuwa upande wa Rhodes. Schreiner alitaka Cape, iliyokuwa koloni la Waingereza, isishiriki vita hivyo. Hilo lawezekanaje? Twaona kwamba alitumaini mno sheria na maneno ya upole, na kila upande ukamdhania msaliti. Baadaye mawaziri wake wakagombana juu ya adhabu ya raia wa Cape waliojiunga na Makaburu, naye akajiuzulu mwezi Juni 1900.

Katika miaka ile ya ukubwa hakujulikana kuwa mtetezi wa Waafrika. Twalisema hili wazi, maana wengine hupenda kueleza maisha ya mtu kana kwamba alikuwa yule yule tangu utoto. Moyo wake uligeuka polepole, alipokuwa hana cheo.

Wasomaji waelewe kwanza desturi ya Cape. Tangu mwaka 1853 sheria yake ya kura haikuuliza rangi ya mtu. Kwa sheria ya mwaka 1892 mwanamume mwenye mali ya thamani ya pauni 75, au mshahara wa pauni 50 kwa mwaka, akijua kuandika jina lake, makao yake na kazi yake, aliweza kupiga kura. Kipimo kile kiliwazuia Waafrika wengi, hata hivyo mlango haukufungwa. Katika Natal mlango ulikuwa karibu kufungwa kabisa, na katika Transvaal na Orange ulikuwa umefungwa.

Mwaka 1908 makoloni hayo manne yaliitisha mkutano wa kutengeneza nchi moja, nao watu wa Cape wakamchagua Schreiner kuwa mmoja wa wajumbe wao. Wakati uo huo Dinuzulu, mwana wa Mfalme Cetshwayo wa Wazulu, alikuwa kifungoni Natal. Alishtakiwa uhaini kwa ajili ya maasi ya Bambatha ya mwaka 1906, yaliyotokea juu ya kodi ya kichwa. Schreiner alikubali kumtetea, na kwa hiyo akaacha kiti chake katika mkutano. Kesi ilisikilizwa Greytown. Mnamo Machi 1909 Dinuzulu alionekana hana hatia katika mashtaka mengi, ila alihukumiwa miaka minne kwa kuwapokea na kuwaficha waasi.

Je, alifanya vema kukiacha kiti kile? Wako wanaosema kwamba angalisaidia zaidi mkutanoni. Lakini Stanford, aliyekaa mahali pake, aliwatetea Waafrika wala hakusikilizwa. Sisi twaona kwamba sauti moja zaidi isingaliugeuza mkutano, bali mfungwa alikuwa na haja ya wakili.

Mkutano ukatoa sheria ya kwamba wenye asili ya Ulaya peke yao wangeweza kuketi katika Bunge la nchi mpya. Na kura ya Cape ingeweza kuondolewa kwa theluthi mbili za kura za mabaraza yote mawili. Schreiner akasafiri kwenda London mwaka 1909, pamoja na Mchungaji Walter Rubusana, John Tengo Jabavu mwenye gazeti, Daktari Abdullah Abdurahman na wengine, kuomba sheria ile ibadilishwe. Waziri Mkuu Asquith mwenyewe alisikitikia kizuizi kile cha rangi, lakini Bunge la Uingereza halikukiondoa.

Mwaka 1910 aliwekwa katika Baraza la Senati kuangalia mambo ya Waafrika, na tangu 1914 akawa Kamishna Mkuu wa Afrika ya Kusini huko London. Alifariki Wales tarehe 28 Juni 1919, siku ile ile uliposainiwa mkataba wa amani wa Versailles.

Alilolihofu likatokea. Mwaka 1936 Waafrika wa Cape waliondolewa katika orodha ya kawaida ya wapiga kura, kwa kura 169 dhidi ya 11. Ikafuata zamu ya watu wa damu mchanganyiko. Shauri lao lilifika mbele ya majaji 11 mwaka 1956. Kumi waliikubali sheria ya serikali, na mmoja tu akaikataa. Huyo alikuwa Oliver Schreiner, mwana wa William. Hakufanywa Jaji Mkuu kamwe.